Kiroba Kilichozunguka Nyumba Arobaini

Kaeni, kaeni jamani. Na wewe unayerekodi huko nyuma, rekodi tu, sikukatazi, ila inua simu vizuri unichukue na mabega. Leo nina jambo limenikaa kifuani kama mfupa wa samaki, na nisipolitoa hapa nitaumwa.

Mnanijua. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili nililisomea dirishani. Lakini nikishika neno, hata waliosoma mpaka vyeti vikawaelemea wanakaa kimya. Mwaka ule nilihubiri stendi mvua inanyesha, watu elfu tano hawakusogea. Mvua ndiyo iliyosogea! Basi nipeni masikio, na watoto muwapakate, maana mfano huu unatisha.

Palikuwa na kijana mmoja, huku huku kwetu kwenye baridi, kwenye mbao na mahindi. Kazi yake simu. Anapiga video, anaziweka mtandaoni, watu wanaangalia, na riziki yake inatoka humo. Ni dhambi? Nauliza, ni dhambi? Hapana! Aliyekesha na mti akatoa meza na aliyehangaika na simu akatoa video, wote wametokwa na jasho. Mimi wazee wanaotukana vijana wa simu huwa nawauliza, mbona mkipigwa picha mnanyoosha kola?

Na huyu kijana alianza vizuri. Hilo msije mkalisahau. Siku moja alimwona mama mmoja anaokota mahindi yaliyodondoka barabarani kutoka kwenye lori, punje moja moja, anaweka kwenye kanga. Moyo ukamshika. Akaenda dukani, akanunua kiroba cha unga, kilo ishirini na tano, akampelekea. Akapiga na kavideo kidogo. Mama akalia, kijana akalia. Kiroba kikabaki pale. Wakala.

Video ile ikaangaliwa na nchi nzima. Nasema nchi nzima, na za jirani mbili! Kijana anaamka asubuhi, simu inatetemeka mezani kama ina homa. "Mungu akubariki." "Una moyo wa dhahabu." Watu elfu hamsini wamemfuata kabla hajapiga mswaki.

Na wote wanasema: leta nyingine.

Hapo ndipo shetani alipovuta kigoda akaketi. Kijana akanunua kiroba cha pili, akaenda nyumba ya pili, akarekodi, mama wa watu akalia. Kijana akazima simu, akageuka aondoke. Halafu akasimama. Akakitazama kile kiroba pale sakafuni. Akawaza, video nimeshapata, na kesho nitahitaji kiroba kingine. Akarudi, akainama, akasema, "Mama, samahani, hiki ni cha kupigia picha tu. Chako kinakuja kesho na gari." Akakitupa begani, huyo, akaenda zake.

Jamani! Mmesikia? Kampa, kamrekodi akilia, kamnyang'anya! Mimi nimechinja ng'ombe miaka ishirini na saba, damu siiogopi, kisu nakilalia. Lakini hapo hata mimi nashika kichwa.

Kesho ikafika, gari halikufika. Kiroba kilikuwa nyumba ya tatu. Kesho yake nyumba ya nne. Kiroba kile kile kimoja kilizunguka nyumba arobaini! Kilitembea kuliko mwinjilisti. Na kila nyumba walilia, na kila nyumba waliambiwa kesho na gari.

Ilipofika kama nyumba ya kumi, ule unga ukanyeshewa ukavunda. Akaumwaga. Mngetegemea anunue mwingine, si ndiyo? Hakununua. Akapita kwa wapasua mbao, akajaza maranda. Yale laini yanayotoka kwenye msumeno, ya paini, meupe, ukiyaangalia haraka unasema sembe hiyo. Juu akatandaza unga wa kweli vidole vinne, endapo mtu atachungulia. Akashona mdomo wa kiroba kwa uzi. Tena akafurahi, maana maranda ni mepesi! Zamani alikuwa anakibeba anahema. Sasa anakirusha begani kwa mkono mmoja, na huko mtandaoni wanaandika, "Mwamba huyo!"

Mwamba wa maranda!

Haya. Nyumba ya arobaini ilikuwa ya bibi mmoja mjane, anaishi na mjukuu wake wa kike, Sekela, ana miaka minne. Wazazi wa mtoto walishatangulia. Siku hiyo ilikuwa saa nane mchana, na jiko la nyumba ile lilikuwa halijawashwa tangu jana asubuhi. Watu walimwambia kijana habari hiyo. Akasema, "Safi, hapo hapo."

Safi! Mtu anaambiwa mtoto hajala, anajibu safi!

Na siku hiyo akaamua kwenda laivu. Wazee wangu msiojua, laivu ni kwamba wanakuona papo hapo, hakuna kukata, hakuna kufuta. Ukipiga chafya, wamekuona. Akasimamisha simu pale uani, chini ya upenu wa bati, kwenye kile kimguu chake cha kusimamishia simu, watu wakaanza kuingia. Elfu mbili. Elfu tisa. Elfu ishirini.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu. Na huo mguu uliousimamisha hapo ni wa nini?"

"Nimeweka simu, bibi. Watu wanakuona."

"Wananiona? Mbona mimi siwaoni? Waambie na wao wajionyeshe."

Huko waliko wakacheka, mbavu hawana. Kijana akaona, leo nimepata. Akainua kiroba juu ya kichwa, akakishusha. "Bibi, nimekuletea unga. Pokea."

Bibi akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Lakini hakulia. Wenzake wote walilia, huyu hakulia. Akaita, "Sekela, lete kuni."

"Kuni za nini, bibi?" kijana akauliza.

"Za nini tena? Umeleta unga, tunasonga. Kwetu unga wa mgeni unasongwa mgeni akiwepo, na aliyeuleta ndiye anamega tonge la kwanza. Yeye haondoki na njaa, na sisi hatuli na wasiwasi. Ndivyo nilivyolelewa."

"Mimi nimeshiba, bibi."

"Mila haiulizi tumbo. Kaa."

Kijana akatupa jicho kwenye simu. Elfu thelathini. Maneno yanashuka kama mvua ya Machi: "Kaa ule, kaka!" "Usimkatalie bibi, utakosa baraka!" Angefanyaje? Angesema kiroba hiki ni cha kupigia picha, mbele ya watu elfu thelathini? Akakaa.

Moto ukawashwa, sufuria ya maji ikainjikwa, bibi akakata uzi kwa meno. Juu pakaonekana peupe, pazuri. Lakini maji ya sufuria yalikuwa mengi, akazamisha bakuli chini zaidi, likatoka na maranda. Harufu ya mbao ikapanda. Bibi akanusa. Akachungulia ndani ya kiroba. Akamtazama kijana. Huku kwenye simu walikuwa wanaona mgongo wa bibi na kilemba chake tu, hawajui kitu. Akamsogelea kijana mpaka sikioni, akasema taratibu:

"Mjukuu wangu, hapa ndipo pa kusema. Sema sasa hivi, na mimi nitakusaidia kusema."

Ndugu zangu, mmeiona neema hiyo? Mwenye njaa anamsitiri anayemdanganya! Mimi ningemvunja mguu, wa kwake na wa simu. Bibi amemfungulia mlango, amemwambia pita hapa, utoke salama. Kijana akajibu nini?

"Endelea tu, bibi. Watu ni wengi."

Watu ni wengi! Hajamjali bibi, hajamjali mtoto, hana habari na Mungu anayemwona bila bando. Watu ni wengi.

Basi bibi akasonga. Na hakusonga kwa ujinga, mnisikilize. Alijisemea moyoni, ngoja, tonge likimfika mdomoni atasema. Nani anaweza kumeza ubao? Akapakua kile kitu, kigumu, rangi ya udongo, akakiweka mbele ya kijana, akamnawisha mikono. "Karibu."

Kijana akamega. Akatia mdomoni. Akatafuna. Mnamsikia anavyotafuna? Kama mbuzi anakula mkeka! Jasho linamtoka kwenye baridi ya mwezi wa sita. Bibi anamtazama mdomo, anasubiri. Elfu arobaini wanamtazama mdomo, wanasubiri. Na kijana, haki ya Mungu, akameza! Akameza, akafuta chozi, akaigeukia simu, akatabasamu, dole gumba juu.

"Mtamu, jamani! Ugali wa bibi mtamu!"

Mnacheka. Chekeni tu, nimewaona, mpaka mama mchungaji anacheka.

Sasa nani alikuwa amechuchumaa hapo pembeni anasikiliza? Sekela. Miaka minne. Tangu jana asubuhi. Mtu mzima amesema mtamu. Mtoto atajua wapi kwamba mtu mzima anaweza kumeza mbao kwa ajili ya simu? Bibi kageuka kuchukua maji, muda wa kupepesa jicho tu, mtoto kanyoosha mkono, kamega tonge kubwa kuliko ngumi yake, kalisukuma lote mdomoni.

Likamkwama.

Mbona mmenyamaza? Naam. 

Mtoto hakulia, maana pumzi ya kulilia haikuwepo. Alishika shingo. Macho yakatoka. Midomo ikabadilika rangi. Bibi akapiga yowe. Kijana akaruka, akapiga teke kimguu, simu ikaanguka chali inatazama juu. Akamlaza mtoto kifudifudi kwenye mkono, kichwa chini, akampiga mgongoni. Hakuna. Akapiga tena. Hakuna. "Toka! Toka!" Alikuwa analiambia tonge, jamani, analibembeleza tonge alilolisifia sasa hivi! Akapiga ya tatu, ya nne. Ya tano likachomoka, likaangukia majivuni, na mtoto akavuta hewa kwa sauti kama msumeno unaoanza mti. Akalia. Akalia kwa nguvu. Sijui kama kuna kwaya inayoweza kuimba vizuri kuliko kilio kile.

Kijana akaanguka magoti kwenye vumbi. "Bibi ni maranda! Nisamehe, ni maranda! Ni maranda tangu nyumba ya kumi!"

Bibi amemkumbatia mtoto. Akasema, "Najua ni maranda. Nilikungoja useme. Na mimi nina kosa langu, nilidhani hakuna mtu anayeweza kumeza."

Mimi hapo ningependa niishie. Lakini haijaisha. Kuna jambo baya kuliko hilo.

Kijana aliokota simu azime. Ilikuwa bado laivu. Muda wote ule ilikuwa inaonyesha bati la paa na kutoa sauti tu, ya yowe, ya mtoto kutapatapa. Watu walikuwa wameondoka? Walikuwa wamepanda, elfu sitini! Wanaandika: "Inua simu tuone!" "Mbona tunaona bati?" "Kamera, kaka, kamera!" Na ile mioyo myekundu inapanda kwenye kioo kama mapovu ya sabuni. Mtoto anakata roho, wao wanatuma mioyo!

Na katikati ya majina yale kijana akaliona moja, akalisoma kwa sauti. "Mama Lusajo: Bibi tunakupenda."

Bibi akainua kichwa. "Mama Lusajo yupi? Wa hapa?"

Wa hapo. Wa ukuta huo huo, ukuta wa tofali moja! Alikuwa amekaa kitandani kwake na simu tangu mwanzo. Lile yowe alilisikia mara mbili, mara moja ukutani na mara moja kwenye simu, akabaki na la kwenye simu kwa sababu lile lilikuwa na picha. Na nyuma ya kitanda chake palikuwa na magunia mawili ya mahindi. Alikuwa ameshatuma mioyo kumi na saba.

Alipojisikia anatajwa akaja mbio, kanga inaburuza, simu bado mkononi. "Bibi, pole, jamani pole, nimelia mimi!"

Bibi akamtazama. Hakumtukana. Akasema tu:

"Mama Lusajo, mioyo yako imefika. Sufuria ile pale. Itie tuone kama itaiva."

Ndugu zangu.

Ndugu zangu, mfano wangu huo hapo.

Vijana wangu wa simu, kwanza nyie. Sijasema mzitupe simu. Mimi nisiyesoma nawapa kipimo kimoja, bure, na chuo hamtakipata: kamera ikizima, kimebaki nini pale kwa mtu? Kama umeondoka na machozi yake halafu na kiroba chake, usijiite mtengeneza video. Wewe ni mwizi mwenye taa. Na usidhani uongo wako utaishia kwako kwa sababu wewe unaweza kuumeza. Utaumeza, utatabasamu, utainua dole. Pembeni kuna mtoto anakuamini.

Yule kijana alirudi nyumba zote, moja moja, na unga unaoliwa. Simu mfukoni. Ilimchukua mwaka mzima, na kuna nyumba walimfungulia mbwa, na mbwa walikuwa na haki. Siku hizi anarekodi wapasua mbao, anafundisha namna ya kuchagua ubao usiopinda. Anauliza kwanza, "Mzee, naomba nikuchukue?" Ukikataa, anaweka simu chini anakusaidia kubeba. Anafuatwa na watu mia nne. Mia nne tu, huyu aliyetazamwa na elfu sitini! Lakini akikutana na mmoja wao njiani hakwepi, na kiroba chake ukitaka kukifungua, fungua.

Sasa sisi. Tusijifanye tumekuja kumsikiliza kijana. Nani alimjaza kile kiroba? Si sisi tuliosema leta nyingine? Video ya mama aliyekula hatukuirudia, tulitaka mwingine alie. Sisi ndio Mama Lusajo. Magunia nyuma ya kitanda, kidole gumba kinatuma mapenzi.

Na mimi. Ngoja niseme, maana bibi alisema hapa ndipo pa kusema. Mfano huu ulinijia nikiwa buchani, na ulipokuja ulikuwa na nyumba sita. Sita! Nimesimama hapa, nikaona mnasinzia, nikaweka arobaini, mkafumbua macho. Nikaona macho yamefumbuka nikaongeza elfu sitini. Na ile mvua ya stendi, jamani, tulikuwa watu kama themanini, na wengi walikuwa wanasubiri basi. Mmeona? Vidole vinne vya unga juu, chini maranda. Nimewahubiria miaka yote hii na kiroba changu begani, nafurahi kwamba ni chepesi.

Halafu niwaulize kitu kimoja, na hiki ndicho kilichonikaa kifuani. Mmecheka kijana alipotafuna. Mmenyamaza mtoto alipokabwa na tonge. Mama yangu pale amelia, nimemwona. Lakini katika nyie wote, na mimi niliyeutunga, nani ameuliza Sekela alikula nini siku ile? Tonge limetoka, mtoto amepona, tukafurahi, tukasonga mbele. Tumbo lake bado lilikuwa la tangu jana asubuhi! Hata mimi mwenye mfano nilimsahau. Nimelikumbuka hilo leo alfajiri nikifunga viatu, nikakaa tena kitandani.

Basi leo msiniambie amina. Nyamazeni, wewe mzee wa mbele, nimekuona unataka kuisema, irudishe. Amina yenu naijua, na yangu naijua, ni moyo mwekundu tu. Tokeni hapa kimya kimya. Fika kwako, usiingie ndani. Pita kwanza ukuta wa pili, piga hodi, simu iache mfukoni, angalia kama jiko lina moto. Ukikuta halina, rudi kwako ukachukue kilichoko nyuma ya kitanda.

Ukishamaliza kula nao, hapo ndipo useme amina. Sema hata kama hakuna anayekusikia.